Gunia Nyuma ya Karakana

Nyuma ya karakana yangu, Majengo, kabla hujafika Sparki,
kuna gunia la sukari limejaa matumbo:
nyavu, vibati vya matundumatundu, pamba ya chuma iliyoungua,
vyote nilivyovitoa ndani ya silensa za watu.
Silensa isiyo na tumbo ni tarumbeta.
Kijana huja na pikipiki ingurumayo kwa adabu,
mimi hukata, huchomoa, hufunga kwa weldi.
Nusu saa. Mia nane.
Huyoo, Tudor nzima yajua kapita.

Nilijivuna, sitaficha.
Nikilala naisikia moja ikipanda Makupa
nasema: hiyo yangu. Hiyo ya Mwamtana.
Na hiyo inayotoa risasi kila ikishusha gia,
hiyo ni Subaru ya Shebwana, ile ya buluu,
kazi ya siku mbili na chupa nzima ya gesi.
Nilizijua kama mzazi ajuavyo
kikohozi cha mwanawe gizani.

Barua zikaandikwa.
Msikiti ukalalamika, kanisa likalalamika,
ikawa jambo la kwanza mwaka ule kukubaliana.
Nesi wa wodi ya vichanga akasema watoto hushtuka,
mikono juu, kama waliokamatwa.
Tukaambiwa sheria ipo, ilikuwapo zamani,
ila mtaa mzima ni yeye peke yake
aliyekuwa akipata usingizi.

Akaja Bi Nyamvula wa mazingira,
viatu vya mpira, kidude mkononi chenye kichwa cha sponji.
Akakielekeza kwenye bomba nililokuwa nalijaribu.
"Mwisho wako ni hapa," akanionyesha namba.
"Na hapa ndipo ulipo."
Nikamwambia namba haina masikio.
Alijibu kitu. Alikuwa amegeuka, sikukipata.

Kortini nilikwenda na shati la pasi.
Hakimu ni mama wa sauti ndogo.
Nikaiona midomo yake ikinisomea.
Iliponyamaza nikasema, "Ndiyo, mheshimiwa."
Benchi la nyuma likacheka.
Akasema tena. Nikasema ndiyo tena.
Karani akanihurumia, akaandika nyuma ya karatasi:
*Umeulizwa faini utalipa lini.*

Usiku ule Mwanakheri alinishika kidevu,
akaweka mdomo sikioni kama anayepuliza moto:
"Nakwita tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Nalidhani wanipuuza."

Nikakumbuka alfajiri zote alizonitikisa bega,
nami nikilaumu kipaza sauti cha msikiti
kwamba siku hizi kimefifia.

Shebwana alirudi Jumanne, uso umemshuka, notisi mfukoni.
Anataka tumbo lake.
Tukalimwaga gunia sakafuni. Masizi yakatufika magotini.
Yote yafanana yakishaungua,
lakini lake nililijua, lina alama ya nyundo yangu.
Nikalirudisha. Nikafunga. Akawasha.
"Imenyamaza?" nikamuuliza.
Nikaweka kiganja kwenye bomba kwa kitambaa kinyevu
nikasikiliza kwa mfupa wa mkono.

Bi Nyamvula alipopita nikamwomba apime.
Namba ikashuka, ikatulia chini ya mstari.
Nikaiamini. Ningefanyaje?

Kisha, sijui shetani gani alinituma,
nikamwambia: sasa nipime mimi.
Akacheka, akanielekezea kile kidude.
Nikalitamka jina la mke wangu
vile nimwitavyo nikitaka chai,
polepole, kwa mapenzi.

Shebwana akaziba masikio.
Paka akatoka chini ya Subaru mbio.
Namba ikaupita mstari, ikaendelea kupanda,
na mimi, wallahi,
nilidhani nanong'ona.